Leo Mama Amenitaja Jina

Isevya, Tabora. Jumanne jioni, Oktoba 1975.

Jua la leo halikuwa na huruma. Mvua bado, na vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Moyo wangu nao hautulii, wala sijui nimlaumu nani. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi si mtu wa kuamini upesi. Kazi yangu ni kukagua tiketi kwenye treni, Tabora kwenda Kigoma na kurudi. Nimeona wanaume wazima wakijifanya wamelala, wengine viziwi, na mmoja alijifanya amezimia mpaka nilipomwagia maji. Rebeka, mke wangu, husema hata mchungaji akinipa mkono namtazama mfukoni kwanza. Ni utani wake, lakini si uongo.

Kwa hiyo daktari aliposema kuna dawa mpya ya ugonjwa wa kusahau, na kwamba mama anaweza kuwa mmoja wa watakaoijaribu bila kutoa hata senti, nilishtuka badala ya kufurahi. Siku hizi sukari ni foleni, sabuni ni foleni, na aspirini ukiiulizia hospitalini unaambiwa pita kesho. Halafu vidonge vya kumrudishia mtu kumbukumbu visafiri kwa ndege kutoka ng'ambo, vije kumtafuta mama yangu mimi hapa Isevya? Wanasema rahisi ghali. Basi cha bure je?

Mama tulimchukua mwaka jana, baada ya Operesheni Vijiji. Yeye na wenzake walihamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani, kila kaya na mji wake na shamba lake, wakapangwa kwenye kijiji kipya chenye nyumba za mistari. Nyumba zote sura moja. Mama akawa anatoka kuchota maji, anarudi anaingia kwa jirani, anakaa jikoni na kuuliza nani amehamisha mafiga yake. Watu walicheka, na mimi nilicheka. Nilisema kosa ni la nyumba zile, hata mimi ningepotea. Niliishuku Operesheni kuliko nilivyoushuku ugonjwa.

Alipokuja kwetu hakukuwa na mistari ya nyumba ya kusingizia. Akatia chumvi kwenye chai. Akasahau njia ya kisimani. Siku moja Rebeka alimkuta amewasha moto chini ya kitanda, eti chumba kina baridi, na mkeka umeshaanza kushika. Tangu siku hiyo hatumwachi peke yake.

Daktari ni kijana, Mzaramo aliyesomea Ulaya. Alituambia ugonjwa huu una jina la daktari mmoja wa Kijerumani. Aliniandikia jina lenyewe na mpaka leo silisomi sawasawa. Alisema umri wa mama haujafika wa kusahau kiasi hiki. Hapo nilimwamini, maana nilikuwa nalijua hilo bila kusoma Ulaya.

Kisha akaeleza namna ya majaribio. Baadhi ya wagonjwa watapewa dawa yenyewe, na wengine watapewa vidonge vinavyofanana nayo lakini ndani ni unga mtupu. Yeye mwenyewe hajui nani anapewa nini. Wanaojua ni wale wa ng'ambo walioandika namba kwenye chupa. Alilisema hili kwa fahari, kama jambo jema! Nilikaribia kumshika mama mkono tuondoke. Hata mkagua tiketi aliyelewa anajua ipi halali na ipi ya kughushi.

Rebeka ndiye aliyenikalisha. Alisema unga mtupu haujamuua mtu, na hatuna kingine.

Niliporudi nyumbani nilionja kidonge kimoja. Kilikuwa kichungu. Nikamwambia Rebeka, hii ni dawa, ni chungu. Akanijibu kwamba hata chokaa ya ukutani ni chungu, tuanze kuilamba.

Sasa nieleze siku ya kwanza ya maswali, maana bila hiyo ya leo haieleweki.

Siku ile mama alikuwa na makali yake. Alipojua daktari ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, alimkalia kooni hata kabla ya kuketi. "Baba mkwe wangu amebeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, bega limeota sugu. Ninyi mmekaa pwani mnakula nazi mnatungoja. Leo unaniletea vidonge? Lipa bega la mzee kwanza!" Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Bibi, nimekuja kulipa kidogo kidogo."

Halafu maswali yakaanza. Leo siku gani? Hakujua. Unakaa wapi? Akataja mji wake wa zamani, ule uliovunjwa. Kisha daktari akaninyooshea kidole mimi. Huyu ni nani?

"Baba," mama akasema.

"Baba yako?"

"Ndiye. Baba."

"Jina lake?"

Mama akageukia ukuta. "Muulize mwenyewe. Ana mdomo."

Mnyamwezi yeyote angelielewa jibu lile. Mimi ni mtoto wa kwanza, nami nimepewa jina la babu mzaa baba, huyo huyo aliyebeba pembe. Babu alikuwa Nkwabi na mimi ni Nkwabi. Kwetu mwanamke hamtaji baba mkwe wake kwa jina, hata akiwa ameshazikwa, hata jina hilo likiwa limerithiwa na mwanawe wa kumzaa. Ndiyo maana tangu nizaliwe mama hajawahi kutamka jina langu. Ananiita Baba. Nikiumwa, Baba. Nikimkosea, Baba, kwa sauti nyingine.

Daktari aliandika kitu, nami sikumfafanulia. Nilidhani anajua. Ni Mwafrika mwenzetu, tena mtani, atakosaje kujua?

Leo tumerudi kwa maswali ya pili. Kwa miezi hii yote nimempa mama vidonge kwa mkono wangu, asubuhi na jioni, huku nikimtazama kama abiria aliyejificha chooni. Kuna siku niliona nafuu. Siku nyingine niliona najidanganya.

Alipoingia alimsalimu daktari vizuri, kwa adabu, kama mtu anayemsalimu bwana shauri wa enzi za Mwingereza. Hakumtania. Daktari mwenyewe alimchokoza, "Bibi, leo hunidai bega la mzee?" Mama akamtazama, akatabasamu, akasema ahsante. Daktari akaniambia ametulia sana, si kama mara ile. 

Siku gani leo? Hakujua. Unakaa wapi? Safari hii hata mji wake wa zamani hakuutaja. Huyu ni nani?

"Nkwabi," mama akasema.

Wazi kabisa. Bila kusita wala kugeukia ukuta.

Daktari aliruka kitini. Akaniambia, "Unaona, mzee? Mara ya kwanza alikuchanganya na baba yake. Leo amekutaja jina, kamili!" Akanipa mkono akautikisa kweli kweli. Akasema mama ataendelea na vidonge, na kwa matokeo haya huenda wagonjwa wengine wataongezwa. Ndipo nilipogundua kwamba lile jibu la mara ya kwanza, ambalo lilikuwa jibu sahihi kuliko yote, kwake lilikuwa kosa. Na hili la leo kaliandika kuwa nafuu.

 Nikasema ahsante daktari. Nikamshika mama mkono, tukaondoka.

Mbona sikumwambia pale pale?

Nina majibu mawili, na la kwanza ndilo la heshima. Nikimwambia, ataifuta alama yake, na huenda watamwondoa mama kwenye majaribio. Vidonge hivi, viwe dawa au chokaa, ndilo tumaini pekee tulilonalo.

La pili linaniaibisha. Nilifurahi. Utotoni, jioni mama za wenzangu wakiita, ungesikia Shija! Kulwa! Mimi naitwa Baba, na wenzangu wanaanguka kwa kicheko, wananiamkia shikamoo. Nimekuwa mtu mzima mwenye mvi nikijua kwamba jina langu halitatoka kwenye kinywa kile. Leo limetoka, na kabla akili haijafika, raha ilikuwa imeshanifika. Nilitaka alirudie.

Njia nzima nilikuwa nashuku. Nimeshuku vidonge: kama ni unga, basi ugonjwa unajiendea tu na sisi tunapiga makofi. Kama ni dawa kweli, je, imemrudishia jina au imemwondolea heshima iliyolifunika? Nimemshuku daktari, kwamba amependa sana kuona nafuu. Kisha nikajishuku mwenyewe, maana nami nimeipenda.

Nilipomwambia Rebeka aliketi chini pale pale alipokuwa akichambua mchele. "Amelitaja? Mbele ya mtu mgeni?" Naye ni mkwe, marehemu baba yangu hamtaji, anajua uzito wake. Alilia. Alipomaliza kulia akasema nisimwambie daktari. Akitutoa, nani mwingine atakuja kutujali? 

Sasa nimeamua. Kesho asubuhi, kabla ya zamu, nitakwenda kwa daktari. Nitamweleza jina la babu na kunyamaza kwa mama, kimoja baada ya kingine, kama ninavyoandika hapa. Nitamwambia mtani akiacha kutaniwa ajue kuna kilichopotea, kule kutulia kwa mama si nafuu. Wako mama za watu wengine wanaongoja vidonge hivi kwa sababu ya alama aliyopewa mama yangu, na alama ile si ya kweli. Akitutoa, atutoe.

Nimeamua kwa sababu ya jambo lililotokea kabla sijakaa kuandika. Mama alikuwa kibarazani anamenya karanga. Nikaketi karibu yake. Nakiri nilikwenda kumpima, tena nilikwenda nikitamani alitaje tena. Alinitazama, usoni pana upole kama zamani.

"Nkwabi," akasema.

"Naam, mama."

"Mama yako hajambo?"

Karanga zilikuwa zinaanguka kwenye ungo, moja moja. Nikasema hajambo.

"Siku nyingi sijamwona. Msalimie sana."

"Zimefika, mama," nikamjibu.