Watoto Tisini na Watatu

Jumatatu, 3 Machi

Ukurasa wa 14 wa ombi letu la fedha za utafiti. Nimeusoma mara tatu nikiwa nimeketi maktaba ya chuo, na mara ya nne nikiwa nimesimama, labda nikisimama maneno yatabadilika. Hayakubadilika. Mtafiti Mkuu: Daktari, msimamizi wangu. Mtafiti Mwenza: msaidizi wake wa kompyuta, miaka ishirini na sita, hajawahi kumfuta mtoto kamasi. Na mimi? Mratibu wa Uwandani. Yaani mshika funguo.

Miezi kumi na minne nimehesabu mimi, katika chekechea yangu! Mwalimu anasema, mtoto anajibu, mwalimu anamrudishia: hiyo ni zamu moja. Dakika tano kwa kila mtoto. Kila zamu, kifungo kimoja kinatoka mfuko wa kulia wa aproni kwenda wa kushoto, maana ukiandika mbele ya mtoto ananyamaza akutazame. Mbinu hii haikutoka kitabuni. Ilitoka kichwani mwangu na kwenye kopo la baba watoto, ambaye mpaka leo anasema mimi ndiye mtafiti pekee duniani aliyemwibia fundi cherehani vifungo arobaini.

Mfuko tunaouomba fedha unafadhili utafiti wa elimu ya awali kwa miaka mitatu. Ndani yake mna nafasi moja ya kusomea udaktari, kwa mtafiti mwenza tu. Fomu inafungwa Ijumaa ya tarehe 14, saa kumi na moja jioni. Siku kumi na moja.

Daktari ananizidi shahada, mimi namzidi miaka kumi na miwili. Kila akiniona: "Shikamoo mama!" Ananiamkia vizuri, kisha ananipora vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda ofisini kwake bila miadi. Nikamwambia jina langu limekaa pabaya. Akacheka. Eti majina ni mambo ya fomu tu, mama, sisi sote ni familia. Nikamuuliza: kama ni ya fomu tu, mbona lako liko juu?

Akaacha kucheka.

Halafu eti wafadhili watauliza nimechapisha nini. Sijachapisha. Kweli. Nilianza kama mfagiaji katika shule ya watoto ya watu, miaka sita, nikisikiliza masomo mlangoni na ufagio mkononi. Cheti nilikipata nina miaka 31. Stashahada, 36. Shahada, 42. Sasa nina 47 na tasnifu ya uzamili naiandika kwenye meza inayonifika magotini, maana chekechea yangu haina meza nyingine. Shule ni yangu. Hesabu ni zangu. Nikamwambia: basi toa vifungo vyangu kwenye fomu yako, tuone kitakachobaki.

Msaidizi akajifanya anatafuta waya chini ya meza. Akakaa huko muda mrefu.

Ijumaa, 7 Machi

Simu ya Daktari saa nne asubuhi, watoto wanakunywa maziwa. Nimekuwa Mtafiti Mwenza, na nafasi ya udaktari ni yangu; msaidizi anabaki mtafiti wa kawaida!

Kasuku, mwalimu wangu wa darasa dogo (tumempa jina hilo kwa kuwa anaongea hata akiwa na maji mdomoni), alipiga kigelegele mpaka mtoto mmoja akalia. "Bosi, ukishakuwa daktari utatutibu mafua?" Nikamwambia kwanza nitamtibu ule mdomo. Mshahara wake wa miaka mitatu umo kwenye bajeti hiyo. Anajua.

Sharti lipo moja: kila mtafiti lazima aingie kwenye fomu kwa simu yake na kuthibitisha kwamba data ni ya kweli; mmoja akikataa, ombi zima linasimama. Mratibu hathibitishi kitu. Sawa! Hata waniletee kumi nithibitishe.

Ukurasa wa 14 nimeusoma tena. Mara ya kumi na moja.

Jumamosi, 8 Machi

Baba watoto amenipima mabega. Eti mtafiti mwenza haendi kwa wafadhili na koti la kuazima.

Wifi alikuja kuchukua pasi yake. "Haya wifi, umesoma mpaka vitabu vimechoka wewe. Sasa wanakulipa, au bado unawalipa?" Nilicheka. Aliniuma, lakini nilicheka.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike moja moja.

Ndoano za mabegi shuleni kwetu hazina majina, kwa kuwa watoto hawajajua kusoma. Zina picha. Kijiko, samaki, kofia, ngazi. Mtoto anachagua picha yake siku ya kwanza. Akipanda darasa kubwa anachagua picha mpya, ndiyo fahari yenyewe, wanaisubiri mwaka mzima. Utaratibu huo niliuanzisha mimi. Na chuo kilipokataza kutumia majina ya watoto kwenye utafiti, nani alisema tutumie picha za ndoano? Mimi. Nikajiona mjanja sana.

Leo asubuhi mama mmoja alikuja kuulizia sweta ya binti yake. Nikaenda kutazama darasa dogo, ndoano ya kijiko. Binti akanivuta aproni. "Siyo huko, mwalimu. Kijiko ni mimi wa zamani. Sasa hivi mimi ni ngazi."

Mimi wa zamani.

Nilisimama pale, mkono juu ya ndoano tupu. Mama akaniuliza kama naumwa.

Kwenye faili la chuo, kijiko ni mtoto. Na ngazi ni mtoto mwingine.

Nimefungua rejista. Waliopanda darasa Januari: 27. Watoto walioandikwa kwenye fomu: 93. Ondoa 27. Watoto wangu wa kweli, wenye pua na magoti, ni 66. Mfadhili anataka wasipungue 80.

Na hilo ndilo dogo! Ukurasa wa 6, wa matokeo, niliupitia mara moja mbiombio ili nifike wa 14. Leo nimeusoma taratibu. Daktari ameandika kwamba wapo watoto 27 "waliojiunga moja kwa moja na darasa kubwa", na kwamba ndani ya wiki mbili tu walifikia zamu 11, sawa na wenzao. Basi, anasema, mtoto aliyechelewa anawafikia wenzake upesi. Programu ya wiki kumi na mbili inatosha. Ombi zima limesimama hapo. Wiki kumi na mbili, shule arobaini.

Hao 27 hawapo! Mwaka huu darasa kubwa sijapokea mtoto mpya hata mmoja, nafasi hakuna. Ni walewale. Walianza na zamu 4 kwa Kasuku, wakakaa naye mwaka mzima wakiulizwa, wakibishiwa, wakijibiwa, ndiyo maana wana 11. Namba zangu zinasema kinyume kabisa cha kilichoandikwa.

Msaidizi alipokea picha, akahesabu picha. Kosa lake liko wapi? Mwenye kujua ndoano ni mimi. Na nilikuwa nasoma jina langu.

Jumanne, 11 Machi

Nilimwambia Kasuku wakati watoto wamelala mchana. Akaniangalia. "Bosi, nani atakuja huku kuhesabu ndoano?" Nikasema hakuna. "Basi." Nikasema basi nini? Alikunja mashuka tu, moja baada ya jingine, mpaka watoto wakaamka. Kasuku! Saa nzima hakutoa neno.

Baba watoto alisikiliza na sindano mdomoni. Mwisho akaitoa. Eti yeye hajui utafiti, ila mkono wa kulia ukishonwa upande wa kushoto, yeye anafumua. Nikamuuliza: hata kama mwenye nguo yuko mlangoni anasubiri? Akasema hapo anafumua huku anatukanwa.

Rahisi kwake. Nguo anayo nyingine ya kushona kesho. Mimi nina 47.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Daktari.

Kwanza hakuamini. Nikamwekea mezani karatasi: kijiko–ngazi, samaki–saa, kofia–ndoo, jozi 27. Akazihesabu kwa kidole kama mtoto. Kisha akavua miwani akajifuta uso wote kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza nikaona kuwa ni kijana. Mkataba wake unaisha Juni. Bila fedha hizi hawamrudishi, ameshaambiwa. Alilisema taratibu, bila mama, bila shikamoo.

Nilimwonea huruma kwa dakika moja hivi.

Maana halafu akasema tupeleke kama ilivyo, tutarekebisha tukishapata. Nikamuuliza tutarekebisha nini, wakati shule arobaini zimeshapewa wiki kumi na mbili? Watoto wakibaki na zamu 4, atalaumiwa nani? Watasema watoto wa huko ni wazito. Watasema walimu ni wavivu. Hakuna atakayesema ni ndoano.

Nikamwomba abadilishe ombi: watoto 66, matokeo ya kweli, programu ya mwaka. Akasema chini ya 80 hawasomi hata ukurasa wa kwanza. Huenda ni kweli. Sijui.

Nilipofika mlangoni akaniambia: "Mama, ulitaka jina. Nimekupa jina."

Alhamisi, 13 Machi

Ujumbe wa saa tatu: Mama, thibitisha. Wa saa saba: Mama, tafadhali. Wa saa kumi: Sisi tumeshathibitisha, umebaki wewe.

Simu nimeigeuza kifudifudi.

Koti limekamilika. Limekaa vizuri mabegani. Afadhali lingebana.

Ijumaa, 14 Machi

Saa kumi na dakika tano. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Daktari. Nimetoka ndani sasa hivi. Ameniomba dakika kumi na mlango ameufunga.

Tumebishana tangu saa nane. Ombi la watoto 66 nimemwandikia mwenyewe kurasa mbili, nikamwekea mbele. Amezisoma! Akasema ni utafiti mzuri kuliko ule. Kisha akasema muda umekwisha. Kisha akaja na jambo jipya: anaweza kunirudisha uratibu. Mratibu hathibitishi kitu. Ombi linakwenda, Kasuku anapata mshahara wake, na mimi nabaki msafi. Alilisema kwa upole, kama mtu anayekusogezea kiti.

Msafi! Na hao 27?

Na hapa nakiri, kwa kuwa humu hasomi mtu: nililifikiria. Nilikaa pale nikalifikiria kama dakika mbili nzima.

Saa kumi na ishirini. Namsikia ndani anamuuliza msaidizi inachukua muda gani kumtoa mtafiti mmoja kwenye orodha. Msaidizi anasema robo saa hivi, mtandao uko chini leo. Wakishanitoa, ukurasa wa fomu unafungwa kwangu, sitakuwa na pa kusemea.

Nimeufungua kwenye simu. Vitufe viwili. Thibitisha. Kataa.

Nimegusa Kataa. Haikubali hivihivi: "Eleza sababu. Herufi zisizidi 300."

Naandika humu kwanza, maana simu ikifika 300 inakata katikati ya neno. Nimemaliza. Nimehesabu. 431.

Shukrani kwa wafadhili: imetoka. Miezi kumi na minne na vifungo: imetoka, ingawa inauma. Nimebaki na 331.

"Daktari hakujua." Hii ilikuwa kweli mpaka Jumatano. Nimeikata, nikairudisha, nimeikata. Imetoka na nukta na nafasi yake: 314.

"Kosa la picha ni langu." Hiyo inabaki.

Saa kumi na nusu. "Samahani sana." Herufi 15 ukihesabu nukta na nafasi zake. Naomba samahani ya nini, na kwa nani? Imetoka. 299.

Sauti za ndani zimekoma. Kiti kimesukumwa nyuma. Sentensi ya kwanza imeshaingia kwenye simu: Watoto ni 66. Ya pili naianza. Kitasa kinazunguka. Daktari yuko mlangoni, karatasi zangu mbili ziko mkononi mwake, ananiuliza mama, unaandika nini, na mimi nimemwinulia kiganja asubiri, nimalize nitume —