Koti Lisilonibana

Jumapili, mapema Desemba. Mount Druitt, kitongoji chetu huku ughaibuni, inachemka. Feni inazungusha joto lile lile, na mimi nimekaa mezani natafuta mtandaoni soksi nzito za sufu.

Baada ya wiki tatu tunakwenda Japani kuteleza kwenye theluji: mimi, mume wangu Bakari, rafiki yangu Wanjiru na mumewe. Watu wa Tanga na Nyeri, barafu tumezoea kuikwangua kwenye friji. Mipango yote niko nayo mimi. Nyumba ya wageni kule bondeni nimeitafuta mimi, treni ya kutoka Tokyo nimeipata mimi, na kesho natakiwa nithibitishe mwalimu wa kutufundisha kuteleza, watu wanne.

Nina mimba.

Basi, nimeandika. Majina ya humu nimeyabadilisha yote, na hakuna wa nyumbani anayesoma ukurasa huu. Daktari anajua, na sasa nyinyi. Bakari hajui.

Kwetu mimba changa haitangazwi, inaachwa mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Mwaka jana Bakari hakuweza kungoja. Nilimwambia asubuhi, akampigia mama yake, na kufika magharibi Tanga nzima wanajua, shangazi yake kashachagua na jina. Mimba ilipotoka, wale wale walipiga tena kutupa pole, mmoja mmoja, na simu zote alipokea yeye kwa sababu mimi sikuweza. Siku moja nilimwona amekaa ndani ya gari, hapo nje, analia huku simu inaita. Sijawahi kumwambia kwamba nilimwona.

Ndiyo maana mara hii nimefunga mdomo. Naogopa kuipoteza, na naogopa zaidi kumwona tena vile.

Lakini woga nao una ujinga wake. Daktari kasema kusafiri ruksa, kuteleza hapana. Nikijitoa wataniuliza kwa nini. Kwa hiyo nimeendelea kupanga, kwa bidii ya ajabu, huku natafuta udhuru. Nimefikiria kuteguka mguu. Nimefikiria mafua. Bakari ananiona nalinganisha miwani ya theluji, anadhani nina hamu.

Leo mchana tulikuwa Lidcombe, kwa Wanjiru. Yeye ni nesi, na ametuazimia makoti kwa wenzake wa kazini. Alipoanza kukaanga vitunguu nilitoka nje. Nikarudi, nikatoka tena. Nilisingizia joto. Baadaye nikajaribu koti langu, likanikaa sawasawa. Akanivua, akanipa jingine, kubwa.

“Chukua hii. Hiyo ingine itakubana.”

Nikamwambia halinibani.

“We chukua tu.” Kisha akawageukia wanaume. “Na huyo instructor mu-confirm wa watu wawili. Mimi magoti yangu haziwezi hiyo mambo. Huyu atabaki na mimi kwa nyumba tukunywe chai, tukiwacheka mkianguka.”

Bakari alilalamika kidogo, halafu akasahau.

Magoti ya Wanjiru ni mazima. Kila Jumamosi anakimbia bustanini kujiandaa kwa safari hii. Wazo lilikuwa lake, hamu yote ni yake, na ameiacha pale jikoni mbele yangu bila kuniuliza swali hata moja. Wakati wa kuagana nilimshika mkono nikashindwa kuuachia. Akaniambia nikale, nisilale na njaa.

Kwenye treni nilipakata koti na kulikumbuka neno la nyanya yangu: mficha uchi hazai. Wanjiru kanisitiri, Mungu amlipe. Lakini mwenzangu wa kuogopa naye ninaishi naye nyumba moja, na nimemwacha nje. Hata mwaka jana, kwenye lile gari, nilimwacha peke yake.

Sasa hivi Bakari yuko sebuleni, amekunja magoti, kashika mipini miwili ya mafagio, anajifunza kuteleza mbele ya feni. Amevaa koti langu, na jasho linamtiririka.

“Mama, mbona hili linaingia watu wawili?” ananiuliza.

Nitamjibu. Nazima feni ili anisikie vizuri.

Simu yake nimeshaikalia.