Chura Anayeimba Ndani ya Sufuria

Jumanne, Kahama

Nimemfokea mgonjwa. Nimekuwa mtu wa namna gani?

Asubuhi daktari alituambia wazi kwamba mapafu ya mume wangu, Baba Neema, yameharibiwa na vumbi la mawe, miaka yote ile aliyochimba dhahabu kule Geita, na hayaponi. Tulipofika tu nyumbani, yeye akajilaza mkekani, akafungua simu na kuanza kutazama vikatuni vyake vya ajabu. Chura amekaa ndani ya sufuria, anaimba kwa lugha isiyojulikana, na vijiko vinamwitikia. Akacheka.

"Baba Neema, huna akili? Hukumsikia daktari?"

Hakukasirika. "Nimemsikia. Lakini kila anayenitazama siku hizi anaona kaburi, hata wewe. Huyu chura hajui kama naumwa."

Nikakaa karibu yake. Akaniambia anavipenda kwa sababu huwezi kukisia kitakachofuata. Kweli, katikati ya wimbo mwiko ukaingia umevaa viatu, ukainama kwa wenzake kama anayeomba radhi kwa kuchelewa. Nikacheka. Sijui mara ya mwisho nilicheka lini.

Naye akacheka mpaka akakohoa damu kwenye kanga yangu. Nikasimamisha video, nikamfuta mdomo, nikampa maji.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema. "Hapo kwenye mwiko."

Nikarudisha.