Litungu la Stima

Jumamosi, kwa Wafula, Dagoretti Corner.

Na kumbe litungu, lile letu la nyuzi na ngozi, siku hizi linachomekwa kwenye stima. Mdogo wangu Wafula alinipeleka baa moja mjini, eti kuna jioni ya muziki wa kikwetu, nisijione mgeni Nairobi. Mpigaji alikuwa na litungu lenye waya wa stima, kinanda pembeni, ngozi ya tumbili juu ya jinzi, na miwani ya jua ndani ya nyumba.

Akaanza wimbo wa tohara, ule wa kumtoa mvulana mtoni alfajiri, amepakwa matope, anapelekwa kwa kisu. Sisi Wabukusu hatuuimbi ovyo. Makarani wa maofisi ya Upper Hill waliukatikia viuno, chupa mkononi.

"Si unaona, kaka, huku hatujasahau nyumbani," Wafula akasema. Yeye ambaye wanawe watatahiriwa hospitalini, kwa sindano ya ganzi.

Nilikuwa nikiwacheka wote. Kisha nikajikuta nimesimama wima, mikono kiunoni, macho juu, sipepesi, vile nilivyosimama mbele ya ngariba.

Mhudumu akauliza kama naumwa.

"Mwache," Wafula akamwambia. "Huko kijijini ndivyo wanavyocheza."