Shangazi Alisema Mwali ni Mzima

Nyamvula, acha unachofanya usome. Nimejisifu kwa Nyanya Jumwa kwamba mimi na Kalama hatulali pamoja, tunagusana tu. Kumbe nimejichongea!

Akanisimulia yake ya mwaka 1947, hapa hapa Likoni. Jumwa ana miaka ishirini na mbili, ndoa imeshatangazwa kanisani. Yeye na mchumba wake Ruwa, kuli wa bandarini, walichezeana nje tu. Hawakuingiliana hata siku moja.

Shangazi akamkagua ubikira kama ilivyo desturi, akatoka na vigelegele: "Mwali wetu ni mzima!"

Mzima! Na kidonda kimemtoka pale pale sehemu za siri, hakiumi, shangazi anakiita kipele cha joto.

Jumwa hakuridhika. Akaenda zahanati, shangazi nyuma yake anafoka: "Huyu ni bikira, nimemwona kwa macho yangu!"

Muuguzi akajibu taratibu: "Bikira ni kweli, mama. Na kaswende anayo. Haingoji waingiliane. Ngozi ikigusa kidonda, yatosha."

Shangazi akaketi sakafuni. Jumwa akauliza jambo moja tu: "Nitazaa mtoto mzima?"

"Utazaa, mkidungwa sindano nyote wawili."

Jioni akamkabili Ruwa, naye akaapa haumwi popote.

"Hata mimi siumwi! Kesho tunaenda wote, ama kaoe magunia yako ya bandarini."

Ruwa akaenda naye, wakadungwa wote wawili.

Nikacheka, Nyamvula. Nyanya hakucheka hata kidogo. Akanikazia macho: "Haya, na Kalama amepimwa lini?"

Nimejifungia chooni. Kesho asubuhi nisindikize kliniki.