Pigo la Nane

Rumonge, Jumanne. Mvua ya asubuhi imekatika, lakini ziwa bado ni la kijivu na moyo wangu haujatulia.

Jana nilikwenda Magara kumwona dada yangu Daforoza. Haoni tena, ila masikio yake ni mazima. Nilitaka kumwimbia wimbo wa kaka yetu Melkiori. Tuliobaki tunaoujua ni sisi wawili tu.

Wimbo wenyewe ulitoka mbali. Utotoni mwetu, Mgiriki aliyenunua mawese hapa alikuwa na ala ya nyuzi yenye shingo ndefu. Uzi mmoja ulivuma bila kubadilika, na juu yake sauti ilipanda na kushuka, ikiizunguka kila noti kabla ya kutua. Mapigo ya kila mzunguko yalikuwa saba: matatu, mawili, mawili. Kaka aliuhamishia kwenye ikembe, kile kinanda kidogo cha vyuma cha kupiga kwa vidole gumba. Ikembe haiwezi kuteleza kati ya sauti mbili, hivyo alipiga vyuma viwili vilivyopakana kwa kupokezana, haraka haraka, sikio likadanganyika kuwa sauti inateleza.

Tulipokimbia vita kwenda Tanzania, kaka hakuvuka mpaka.

Nilivuka na wimbo wake.

"Hiyo si ya Melki," dada alisema kabla sijafika ubeti wa pili. "Yako iko inatembea muzima. Ya Melki ilikuwa inachechemea. Weye Mutanzania, kule walikunyosha mpaka masikio?"

Nilicheka. Kisha nikahesabu kwa vidole.

Nane.

Nakiri, ni mimi niliyefanya hivyo. Kule kwenye kambi ya wakimbizi nilifundisha kwaya, nikautilia wimbo ule maneno ya sala. Wanakwaya walishindwa kuupigia makofi, basi nikaongeza pigo moja mwishoni ili mikono ikutane. Waliupenda. Nami miaka yote hiyo nimeimba nane nikiamini namkumbuka kaka.

Dada alinigongea saba gotini pangu, polepole. Kila tulipofika mwisho, mguu wangu ulisubiri pigo lisilokuwepo.

"Usingoje," alisema. "Melki hangoji mutu."

Tulirudia mpaka akachoka. Sikuupata.

Dada akifa, wimbo wa kaka utakwenda naye, na mimi nitabaki na huu niliounyoosha mwenyewe. Kesho narudi Magara. Sitaimba, nitamwacha yeye agonge. Je, katika umri huu naweza kujifunza kutosubiri?