Magunia ya Lengalenga

Kigobe, Jumapili 26 Januari 2025

Bibi yangu,

Asalaam alaykum. Kabla sijauliza goti lako linaendeleaje, niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: kila Jumamosi asubuhi naomba gari la Massoudi liharibike njiani, gunia lako la mboga lisifike.

Usikasirike. Lengalenga zako ni nzuri na hapa kila mtu anazipenda. Shida ni kongelateri ya kugandishia. Unakumbuka mboga zilivyokuwa zikizidi, Shangazi Fadhila akawa anatupa zilizonyauka? Mimi ndiye niliyemwambia kuwa zinaweza kugandishwa. Nilisoma katika kitabu: majani huchovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, yakatiwa mara moja kwenye maji baridi, yakakamuliwa, ndipo yakaingia kwenye barafu. Bila hivyo huharibika rangi na ladha. Nilifurahi kujua kitu ambacho wakubwa hawakukijua. Sasa Shangazi anawaambia wageni, "Huyu ndiye injinia wa kongelateri yangu," na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Gunia moja linanimalizia Jumamosi nzima.

Kozi za kujiandaa na mtihani wa taifa ni Jumamosi asubuhi. Tangu Desemba sijahudhuria hata moja, na hesabu zimenipita. Nikianguka mtihani, sioni nitatokaje jikoni humu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Shangazi hukaa pembeni akisikiliza. Barua naiweka ndani ya gunia tupu, Massoudi atalichukua kesho. Tafadhali, usitume mboga mpaka mtihani upite.

Mjukuu wako,
Assia

*

Ruziba, Ijumaa 31 Januari 2025

Mjukuu wangu,

Wa alaykum salaam. Goti lipo, nikiinama linanisalimia. Barua yako ilichakarisha ndani ya gunia nikadhani panya, kidogo niipige na jembe.

Sikukasirika. Lakini na mimi nina langu ambalo sikukwambia. Siku nilipokwenda kumwomba shangazi yako akupokee, mume wake Shakuru akawa anaangalia ukuta tu. Nikasema, "Mutoto haji mikono mitupu. Kila juma nitatuma mboga." Ndipo akaitika. Mboga ndizo kitanda chako, mwanangu. Nikiziacha, Shakuru ataanza kuangalia ukuta tena. Na ukirudi kwangu Ruziba, petroli ilivyokosekana hivi, shule utaifikia saa ngapi?

Halafu Ramadhani iko karibu. Shangazi yako anataka kuijaza kongelateri kabla ya mwezi kuandama.

Nimefikiri hivi: juma lijalo nitazichovya mimi mwenyewe hapa kama ulivyoeleza, nizikamue, nizitie kwenye mikebe. We utazipanga tu kwenye baridi, kisha uende kozi.

Kula, usisome na njaa.

Bibi yako

*

Kigobe, Jumapili 9 Februari 2025

Bibi yangu,

Asalaam alaykum. Sisi wazima wa mwili. Natumaini goti limepata nafuu.

Mikebe yako haikufika salama. Massoudi alikaa kwenye foleni ya petroli tangu Ijumaa mchana hadi Jumamosi saa sita, mikebe ikiwa nyuma ya gari, juani, na kozi ikanipita nikimsubiri. Nilipofungua, majani yaliteleza mkononi na harufu ilikuwa ya kuchacha. Kosa ni langu. Kitabu kilisema mboga iliyochovywa iingie kwenye baridi siku ileile, na mimi sikukuandikia.

Shangazi alisema, "Mama anatuletea matapishi? Na we injinia, ulimfundisha nini?" Najua alikupigia simu, nilisikia. Najua ameagiza magunia mawili kwa Jumamosi ijayo.

Nilimwambia habari ya kozi, sauti ikatoka ndogo. Akajibu, "Vitabu si viko chumbani mwako? Apana, we soma hapahapa. Baada ya Idi utakwenda." Sasa Jumamosi lango linafungwa na ufunguo anao yeye. Mwalimu Népomuscène ametangaza kuwa atakayekosa Jumamosi hii atafutwa kwenye orodha, kwa kuwa viti ni vichache.

Sijui nifanye nini.

Mjukuu wako,
Assia

*

Ruziba, Ijumaa 14 Februari 2025

Mjukuu wangu,

Salaam. Barua hii nimempa Massoudi mkononi, si kwenye gunia.

Magunia mawili yanakuja kama alivyoagiza. Neno langu siwezi kulivunja. Lakini usiku huu wote nimelirudia neno hilo. Niliahidi mboga. Mikono yako sikuiahidi.

Nikikuambia toka, nikawa sipo hapo kukupokelea maneno, nitakuwa nimekuonea. Nikikuambia kaa, pia. Utakaloamua, sitakukaripia.

Bibi yako

*

Kigobe, Jumatano 19 Februari 2025

Bibi yangu,

Asalaam alaykum. Mimi mzima. Umeshapata dawa ya goti?

Jumamosi Massoudi alipiga honi saa mbili kasorobo. Shangazi alifungua lango. Wakati Massoudi anashusha magunia, alinipa barua yako, nikaisoma nimesimama. Niliingia ndani, nikavaa viatu, nikachukua daftari.

Nikasema, "Shangazi, naenda kozi. Mboga nitazifanya nikirudi."

"Zitanyauka."

"Ndiyo, zitanyauka."

Nikapita kabla hajafunga. Massoudi hakuwa na petroli ya kunifikisha, nikatembea. Nilichelewa nusu saa. Mwalimu aliangalia viatu vyangu, akaandika jina langu.

Nilirudi saa saba nikakuta lango limefungwa. Nilibisha, kisha nikakaa chini nikasoma. Alasiri Bwana Shakuru alitoka kwenda msikitini, akaniachia lango wazi. Magunia yalikuwa palepale. Karibu nusu ya majani yalikuwa ya manjano, nikayatupa. Yaliyobaki niliyachovya, nikayakamua, nikayagandisha. Nilimaliza wakati wa isha.

Tangu hapo Shangazi hasemi nami. Akitaka kitu anaiambia sahani. Kitanda bado ninacho, mpaka lini sijui. Jumamosi nitakwenda tena.

Jana niliandika hatua zote kwenye karatasi, maji na dakika, nikaibandika kwenye mfuniko wa kongelateri, ili hata mtu mwingine aweze. Leo asubuhi sikuikuta. Nimeandika nyingine, nikaibandika palepale.

Mjukuu wako,
Assia